Riba ya ucheleweshaji si faida ya mfuko

"Wamekalia fedha zake za talaka miezi saba, sasa watamlipa na faini." Kauli hii nimeisikia mara nyingi, na kila msemaji huja na neno lake la mwisho: huyu faini, yule faida, mwingine gawio. Kinachozungumzwa ni riba ya ucheleweshaji, yaani malipo anayodai mtalaka pale sehemu ya akiba ya uzeeni aliyopewa na mahakama inapoendelea kukaa kwenye mfuko wa pensheni wa mwenzake baada ya siku iliyopaswa kuhamishwa. Maana ni hiyo tu. Vurugu imo katika maneno yenyewe.

Riba ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ni kukua, kuzidi. Ndiyo maana tukilisikia tunadhani fedha zimezaa. Wanasheria wa Ulaya ya zama za kati, Kanisa likiwa limeharamisha kukopesha kwa faida, walishika neno la Kilatini, interesse, "kuwa baina". Walimaanisha pengo: tofauti kati ya hali ya mdai sasa na hali ambayo angekuwa nayo kama angelipwa kwa wakati. Riba ya ucheleweshaji ni ya ukoo huu wa pili. Inaziba pengo. Haikuwekwa kumwadhibu mtu, na kimsingi haijali kama mfuko umepata au umekula hasara.

Faida ya mfuko ni jambo jingine kabisa. Hiyo hutokana na uwekezaji, hupanda na kushuka, na huweza kuhusu hata kipindi ambacho hakuna aliyechelewa. Afrika Kusini sheria inaonyesha wazi kwamba hivi ni vitu viwili. Mfuko ukipokea hukumu una siku 45 za kumtaka mtalaka achague alipwe taslimu au ahamishiwe mfuko mwingine. Yeye ana siku 120 za kujibu. Akishajibu, mfuko una siku 60 za kutekeleza. Muda uliowekwa ukipita, anastahili faida ya mfuko hadi siku ya malipo, na sheria inataja kwamba hastahili riba wala ukuaji mwingine wowote. Anayedai "riba" huko bila kujua hili anadai kitu ambacho sheria hiyo haikumpa.

Halafu kuna neno ucheleweshaji, ambalo Kiswahili kimelitengeneza vizuri nasi tunalipita mbio. Kuchelewa si kuchelewesha. Fedha zinaweza kuchelewa kwa sababu hukumu haikuutaja mfuko kwa jina, au mtalaka mwenyewe hajaleta namba ya akaunti. Hapo zimechelewa, ila mfuko haujachelewesha. Kiambishi kile kidogo, -esha, kinamtafuta mtendaji, na madai yote yanasimama juu yake: nani alikuwa na wajibu wa kutenda, na tangu siku gani?

Kwa hiyo unapouandikia mfuko, usianze na "naomba riba ya fedha zangu za miaka yote ya ndoa". Taja siku hukumu ilipowafikia, siku ulipokamilisha fomu, na siku fedha zilipoingia. Kama unadai pia ukuaji wa kabla ya ucheleweshaji, yaani faida ya mfuko, uombe katika aya yake, kwa jina lake.