Je, wajua kwa nini namba changamano ina vipeuo viwili vya pili, wala si vinne?

Mwanafunzi wa tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) jijini Dar es Salaam anayetafuta kipeuo cha pili cha −5 + 12i anaweza kabisa kufika mwisho wa hesabu akiwa na majibu manne, ilhali yaliyo sahihi ni mawili tu. Kuzidisha kwake huwa hakuna kasoro. Kinachomponza ni mlinganyo mmoja aliouacha njiani.

Alama i husimama badala ya namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa −1, na namba changamano ni namba ya umbo la a + bi, kama −5 + 12i. Mwitaliano Rafael Bombelli alizieleza kanuni za kuzidisha namba za aina hii katika kitabu chake cha aljebra cha mwaka 1572, na hadi leo ndizo tunazozifuata: mabano hufunguliwa kama kawaida, kila i² huandikwa −1, kisha mitajo inayofanana hukusanywa.

Tuseme kipeuo chetu ni a + bi, ambapo a na b ni namba halisi. Kikizidishwa kwa chenyewe hutoa a² + 2abi + b²i², na tukirahisisha tunabaki na (a² − b²) + 2abi. Kwa hiyo a² − b² = −5, na 2ab = 12.

Wengi hapa huweka 6/a mahali pa b, wakajikuta na mlinganyo wenye a⁴. Njia hiyo ni sahihi, ila inachosha bure. Kila namba changamano ina umbali wake kutoka sifuri, ambao kwa a + bi ni kipeuo cha pili cha a² + b², na namba mbili zikizidishwa, umbali wa jibu ni umbali wa moja mara umbali wa nyingine. Umbali wa −5 + 12i ni kipeuo cha pili cha 25 + 144, yaani 13, nao ni umbali wa a + bi mara wenyewe; basi a² + b² = 13. Ukijumlisha na mlinganyo wa kwanza unapata 2a² = 8, hivyo a² = 4 na b² = 9.

Sasa a ni 2 au −2, na b ni 3 au −3, ndipo jozi nne zinapojitokeza. Lakini 2ab = 12 maana yake ab = 6, ambayo ni chanya, kwa hiyo a na b lazima ziwe na alama moja. Vipeuo ni 2 + 3i na −2 − 3i. Ukijaribu 2 − 3i utapata −5 − 12i, ambayo si namba tuliyopewa.

Wala hili si la mfano huu pekee. Ikiwa v na w ni vipeuo vya namba moja, basi v² − w² = 0, yaani (v − w)(v + w) = 0, na kwa kuwa zao haliwi sifuri mpaka mojawapo ya namba zinazozidishwa iwe sifuri, v ni w au −w. Sifuri peke yake ndiyo yenye kipeuo kimoja, kwani 0 na −0 ni namba ileile.