Usikivu Unafundishwa, Haupimwi Tu

Mwalimu anatuma sauti ya Kiingereza ya dakika 3 kwenye kundi la WhatsApp, chini yake maswali 10. Jioni anasahihisha. Hapo amepima usikivu, hajaufundisha. Aliyepata 4 hajui alikwama wapi, na kesho atapata 4 tena.

Hapa Moshi, wengi tunaowafundisha Kiingereza kwa mtandao ni vijana wanaotaka kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro. Shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili, sekondari wakakutana na Kiingereza cha ubaoni na cha daftari. Kukisoma wanakisoma, mgeni akikitamka haraka, kinawapita.

Dawa ninayoiamini ni metakognisheni, yaani mwanafunzi kuichunga akili yake inapofanya kazi: apange, afuatilie, ajipime. Dhana hiyo ilipewa jina na John Flavell, mwanasaikolojia wa Marekani, miaka ya 1970. Larry Vandergrift wa Kanada na Christine Goh wa Singapore wakaiingiza katika ufundishaji wa kusikiliza.

Chukua sauti ya mwongoza wageni akieleza njia ya Marangu ya kupanda mlima huo. Kabla ya kuifungua, mwanafunzi anaandika anachotarajia kusikia: vituo vya kulala vya Mandara, Horombo na Kibo, baridi, maji, kilele cha mita 5,895. Anasikiliza mara ya kwanza bila kusimamisha, anaweka tiki palipotimia, kisha anamrekodia mwenzake, kwa Kiswahili akitaka: "Mimi nimesikia watapumzika 'fifty minutes', we umesikiaje?" Mwenzake amesikia 'fifteen'. Wanabishana. Kwenye baridi ile, kundi gani linakaa chini dakika 50? Sasa wanarudia sauti wakijua sikio walitege wapi. Mabishano hayo madogo ndiyo somo lenyewe. Mwalimu asiyakatishe kwa kutoa jibu.

Kitufe cha kusimamisha nacho kina mtego. Anayekibonyeza kila neno huishia kutafsiri neno moja moja, na maana ya sentensi inamponyoka. Kwa hiyo kikae hadi mara ya tatu, kwa sehemu iliyobaki ngumu tu. Na sauti ya dakika 2 inatosha, tena hailambi bando kama video.

Mwisho wa kipindi ninaomba mistari miwili ya kujipima, na ninaijibu kabla ya kugusa alama. Mmoja aliandika: "Namba zinanipoteza kwa sababu nikikosa moja naendelea kuiwaza. Kesho ikinipita naiacha, nafuata inayokuja."