Ala ya bastola imelegea? Kabla hujaipaka mafuta soma hapa kwanza

Wiki iliyopita jamaa mmoja kaja kibandani na ala yake ya bastola (wengine mnaita holsta, sawa tu) anataka niibane maana bastola imeanza kucheza ndani. Nikaishika tu nikajua. Laini kama kitenge, halafu inanukia nazi. Namuuliza bosi hii umeipaka nini, ananijibu kwa kujiamini kabisa, mafuta ya nazi fundi, kila Jumapili, mwaka mzima. Yaani mtu anaitunza kwa moyo wote kumbe ndo anaiua.

Ngozi ya ala sio ngozi ya kochi jamani. Mi natumia ngozi nene, milimita 3 mpaka 3.5, iliyosindikwa kwa dawa ya magome ya miwati, ile miti ukienda Njombe unaikuta mashamba kwa mashamba. Ngozi ya kromu ndo ya viatu na mabegi, inatoka kiwandani haraka na ni laini, ila umbo haishiki. Hii ya magome ukiilowesha inakuwa kama udongo wa mfinyanzi, unaingiza mfano wa bastola wa plastiki, unaminya kwa vidole na kipande cha mfupa pale kwenye pete inayozunguka triga na kwenye tundu la kutolea maganda, inakauka usiku kucha na hapo ishakariri. Hilo umbo ndo linaloshika bastola. Mafuta sasa kazi yake ni kuingia katikati ya nyuzi za ngozi ziteleze, na nyuzi zikishaanza kuteleza hakuna kukariri tena, hata uilete kwangu mara kumi.

Kwa hiyo mafuta ya nazi, ya kula, ya mgando, oili ya gari (nimeona, msicheke), yote hapana. Ikianza kuonekana kavu na inachanika-chanika juujuu, paka nta ya nyuki kidogo sana kwa nje tu, sugua na kitambaa, basi, mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Polishi ya viatu isiyo na rangi pia sio mbaya. Ya rangi itakuhamia kwenye shati.

Sasa wale wenye shida ya kinyume, ala mpya inabana mpaka unatoa bastola kwa mikono miwili. Hiyo sio mbovu, ndo inavotakiwa kuzaliwa. Toa magazini, angalia chemba, halafu angalia tena, risasi zote ziweke chumba kingine kabisa. Funga bastola kwenye kiplastiki chepesi, na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 mi natumia kile cha mkate, kinafaa vizuri tu. Ingiza mpaka mwisho, zungusha kidogo kushoto kulia, iache usiku mmoja. Asubuhi toa kiplastiki, ingiza na kutoa mara hamsini hivi, bado haina risasi. Kama bado inabana rudia usiku mwingine. Usiloweshe na usipanue kwa mkono, watu wengi wanakosa subira hapa halafu mwezi unaofuata wanakuja kulalamika imelegea.

Utajuaje imelegea kweli? Bastola tupu ndani ya ala, simama juu ya kitanda, igeuze juu chini, tikisa kidogo. Ikibaki iko sawa. Ikidondoka kitandani angalia kwanza kama ala yako ina skrubu ya kukazia, robo mzunguko tu mara nyingi inamaliza kesi, mtu anakuja kutoka mbali kwa sababu ya skrubu! Kama haina, chukua sponji yenye maji ya uvuguvugu, lowesha nje tu sehemu ya pete ya triga mpaka ngozi ibadilike rangi, ingiza bastola tupu ikiwa kwenye kile kiplastiki, minya kwa dole gumba kufuata mistari ya zamani, toa bastola taratibu na uache ala kivulini siku nzima, feni ruksa. Jua hapana, jiko hapana, draya ya nywele hapana. Ngozi mbichi ya maji ikikutana na moto inasinyaa na kuwa ngumu kama mbao, na hapo hairudi. Ndo maana pia usiiache kwenye dashibodi ukiwa umetoka kutoa jasho, Dar ile gari ikikaa juani masaa mawili ni oveni.

Kitu ambacho sitanii nacho ni mdomo wa ala. Ukitoa bastola mdomo unatakiwa ubaki wazi. Ukiona unajikunja kuingia ndani, ukirudisha bastola lile kunjo linaweza kuingia kwenye triga na kuisukuma, risasi inatoka na paja ni lako. Ala ya hivo haitengenezwi. Yule jamaa wa nazi ya kwake ilikuwa imefika hapo, nikamwambia ukweli, akanuna, akaondoka nayo. Jana karudi kuagiza nyingine.

Ukiacha zile siku za kuzoesha ala mpya, usiku bastola isilale ndani ya ala. Ngozi ina asidi yake kidogo na inanyonya unyevu wa hewani na jasho lako, chuma kikikaa humo wiki nzima kinaota kutu upande ule ule uliogusa ngozi. Na wenye mikanda ya kuchomeka risasi mmeshaona ile kutu ya kijani kwenye maganda, ni mambo ya shaba na ngozi hayo. Silaha ifungiwe sehemu yake, ala iwe pembeni inapumua.

Watu wa Tanga na Mombasa, masika mnanipigia sana kuhusu ukungu. Siki nusu maji nusu, kitambaa kiwe na unyevu tu kisidondoshe, futa ndani na nje, kausha kivulini. Usiifungie kwenye nailoni baada ya hapo, iweke kwenye kitambaa cha pamba pamoja na vile vipakti vidogo vinavokuja ndani ya boksi la viatu.

Na ile ya jamaa, kaniachia. Nyuma palikuwa bado pazima, nimekata vishikio vya funguo vinne. Mpaka leo vinanukia nazi.