Nyimbo, Kipigo na Jirani Anayenyamaza

Kila mwanamke anapouawa au kujeruhiwa na mwenza wake, simu zinazopigwa redioni hazichelewi kumpata mshtakiwa wa pili: muziki. Wazee hulalamikia bongofleva na singeli. Vijana nao hujibu kwamba ile ni burudani tu, hakuna mwanaume aliyemnasa mkewe kibao kwa sababu DJ kapiga wimbo fulani. Sisi tunaofundisha ustawi wa jamii hapa Mwanza huulizwa tuko upande gani, na jibu letu huwa haliwafurahishi wote wawili.

Wimbo peke yake haumtoi mtu kwenye utulivu wake ukamshikisha fimbo. Hapo vijana wako sahihi. Lakini mjadala huu siku zote humtazama anayepiga, wakati kazi kubwa ya wimbo iko kwa wale wengine: mama mkwe, wifi, mjumbe wa nyumba kumi, mpangaji wa chumba cha pili anayesikia kilio saa tano usiku, kisha anaamua kwenda kugonga mlango au kuongeza sauti ya televisheni. Hao ndio ambao wimbo huwapa maneno ya kusema, na mara nyingi maneno hayo ni sababu ya kukaa kimya.

Tuanze na hali ilivyo. Kituo cha utafiti cha MITU, chenye makao yake hapa Mwanza, kiliwahoji wanawake zaidi ya 1,000 waliokuwa kwenye vikundi vya mikopo jijini. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, asilimia 61 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza, na asilimia 27 walisema umewapata ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Hawa ni wanawake wenye biashara, wanaokopa na kurejesha. Wana sauti sokoni. Nyumbani ni habari nyingine.

Takwimu ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16, Watanzania waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa mojawapo ya sababu tano: kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kuaga, kutowaangalia watoto, au kumnyima unyumba. Wanaume asilimia 40 walikubali walau sababu moja. Wanawake walikuwa asilimia 58. Naam, wanawake walikubali kuliko wanaume.

Mwanamke hazaliwi akiamini kwamba ugali ukiungua anastahili kofi. Kuna mahali amelisikia hilo, na amelisikia mara nyingi, kutoka kwa watu anaowapenda. Amelisikia kwa shangazi, kwa somo aliyemfunda, kwa viongozi wa dini wengine, na amelisikia likiimbwa. Wimbo una nguvu moja ambayo shangazi hana, kwamba haumwombi mtu ruhusa. Ukipanda daladala ya Buhongwa kwenda Igoma hukuchagua kinachopigwa. Ukishuka sokoni, duka la simu lina spika mlangoni. Jioni mtoto wa miaka sita anauimba wimbo huohuo bila kosa, na watu wazima wanacheka kwa jinsi anavyoujua.

Wanasaikolojia wamejaribu kupima jambo hili maabara. Peter Fischer na Tobias Greitemeyer, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, waliwasikilizisha wanaume nyimbo zenye maneno ya kuwadharau wanawake, kisha wakawapa kazi iliyoonekana haihusiani kabisa: kumpimia mtu mwingine pilipili ya kula. Wanaume hao walimpimia mwanamke pilipili nyingi kuliko wenzao waliosikiliza nyimbo za kawaida. Walipotakiwa kutaja sifa za wanawake, wakakumbuka mbaya zaidi. Miaka 3 kabla, Craig Anderson na wenzake nchini Marekani walikwisha kuonyesha kwamba nyimbo zenye maneno ya kikatili huongeza mawazo ya kikatili kwa anayezisikiliza.

Matokeo hayo yasitutie kiwewe. Pilipili ya maabara si kipigo cha chumbani, na mawazo yanayopanda kwa dakika kumi yanaweza kushuka baada ya saa moja. Tena mtu huchagua muziki unaofanana naye, kwa hiyo si rahisi kujua kama wimbo ndio uliomfanya awe hivyo, au alikuwa hivyo ndipo akaupenda wimbo. Pombe, umaskini na utoto wa kumwona mama akipigwa vina uzito mkubwa kuliko redio. Kwenye mialo yetu, fukwe wanakotia nanga wavuvi, jambo hilo linaonekana wazi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, na wavuvi wanabaki nchi kavu na fedha za wiki zilizopita mfukoni. Spika zipo, na gongo ipo. Tusimbebeshe DJ mzigo wa gongo.

Sasa nyimbo zenyewe. Watu wakisema "nyimbo mbaya" hufikiria matusi na ngono, na hata mamlaka zetu hutazama huko. Novemba 2018, Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilifungia wimbo uliobeba jina la jiji hili kwa sababu ya maneno ya ngono yaliyofichwa ndani yake. Sina ugomvi na uamuzi ule. Ninachosema ni kwamba chujio la aina hiyo hunasa tusi na kuachia dharau. Utafiti uliofanywa Marekani kwa vijana zaidi ya 1,400, ukachapishwa mwaka 2006 katika jarida la Pediatrics, uliwafuatilia vijana hao kwa miaka kadhaa na kutenganisha nyimbo za ngono za aina mbili: zinazomdhalilisha mtu na zisizomdhalilisha. Waliosikiliza sana zile za kudhalilisha ndio walioanza ngono mapema zaidi. Zile za mapenzi tu, hata zikiwa za wazi, hazikuonyesha uhusiano huo. Utafiti ule haukuhusu kipigo, lakini somo lake linatufaa. Kuhesabu maneno ya chumbani hakutoshi. Inabidi kuuliza mwanamke ndani ya wimbo ni mtu wa namna gani.

Na kwenye nyimbo nyingi tunazocheza harusini, nyingine zikiwa za miaka ya sabini ambazo wazee wale wale wanaolalamika huziita zilipendwa, mwanamke ni mmoja wa watatu. Kuna yule wa mjini, mpenda hela, anayemchuna mwanaume hadi senti ya mwisho kisha anamkimbia. Akipatwa na jambo, msikilizaji alikwisha kuambiwa kwamba alijitakia. Kuna yule anayeonewa wivu, ambaye mpenzi wake anampekulia simu, anamfuatilia, anaapa kwamba atamfanya mtu kitu kibaya akimwona naye, na yote hayo yanaimbwa kwa sauti tamu kama ushahidi wa mapenzi. Wa tatu ni mvumilivu. Huyu ndiye hatari zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu anasifiwa. Analala njaa, anasemwa na mawifi, mume anarudi alfajiri, yeye yupo tu, na mwisho wa wimbo anatuzwa kwa kuitwa mke mwema.

Nyimbo za mvumilivu haziko klabu. Ziko kwenye kitchen party, ziko kwenye sendoff, tena mama zetu ndio wanaozicheza na vitenge vya sare. MC anamwambia bwana harusi amtunze binti, halafu wimbo unaofuata unamwambia binti avumilie hata asipotunzwa. Hakuna BASATA ya kufungia hiyo.

Kuna zoezi ambalo huwa nalifanya kwenye mafunzo ya mitaani. Nachukua wimbo unaopendwa, naandika maneno yake kwenye karatasi, nampa mmoja wa washiriki ayasome kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, bila mdundo. Mara ya kwanza watu huvunjika mbavu. Kisha nauliza: kwenye wimbo huu, mwanamke amesema nini? Wanarudia kusoma. Mara nyingi hajasema kitu, anasemwa tu. Halafu nauliza swali la mwisho. Huyu dada wa kwenye wimbo akiamka kesho na jicho limevimba, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ataulizwa nini?

Kule Kirumba, mama mmoja anayeanika dagaa alijibu kabla sijafunga mdomo: "Ataulizwa, kwani ulimfanya nini?" Ukumbi mzima ukaitikia. Kijana wa bodaboda aliyekuwa ameshikilia karatasi akaongeza kwamba mwenyekiti hatakuwa na kosa, maana kisa chote kimekwisha kuelezwa na upande mmoja. Hakuna aliyewafundisha jibu lile. Wanalijua kwa sababu ndilo wanalolisikia.

Ndiyo maana utafiti mmoja wa jirani zetu Uganda hunivutia sana. Watafiti wakiongozwa na Donald Green walizunguka vijiji 112 wakionyesha filamu, na katikati ya filamu, kwenye baadhi ya vijiji, wakapachika vipande vifupi vya maigizo kuhusu mwanamke anayepigwa na mwenza wake, huku majirani wakichelewa kusema. Miezi kadhaa baadaye walirudi kuuliza. Watu hawakuwa wamebadilisha sana imani zao kuhusu uhalali wa kupiga. Kilichobadilika ni utayari wa kusema: wanawake zaidi walikuwa tayari kutoa taarifa, na idadi ya wanawake waliofanyiwa ukatili ikapungua. Kwa maneno mengine, mwanaume ambaye moyo wake haukuguswa alizuiwa na wasiwasi kwamba safari hii watu watasema.

Hapa nyumbani nako kuna mfano. MITU haikuishia kuhesabu. Ilijaribu mafunzo ya vikao 10 kwa vikundi vya wanawake wakopaji wa Mwanza, na matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kipigo kupungua kwa waliopata mafunzo. Wanawake hao pia walipungua kuamini kwamba ukatili ni siri ya nyumba, au kwamba unapaswa kuvumiliwa. Ni ile ile "siri ya nyumba" ambayo nyimbo zetu huiimba kama heshima.

Tusisahau kwamba muziki wa Kiswahili umewahi kufanya kinyume chake, tena zamani. Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyerekodi sahani za santuri Bombay mwaka 1928, aliimba Kijiti, wimbo kuhusu mwanamke mgeni aliyebakwa na kuuawa. Muuaji alitoroka, na sheria ikawageukia waliotoa ushahidi. Siti hakumuuliza marehemu alifuata nini usiku ule. Alilitaja jina la muuaji hadharani na akaisema mahakama. Kwa Wasukuma nako, manju, yaani watunzi na waongozaji wa nyimbo, wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu wamekuwa wakirushiana vijembe uwanjani tangu enzi za mababu, na mtu aliyeimbwa hulijua joto lake hadi msimu ujao. Aibu ya wimbo ni silaha tuliyokuwa nayo. Tumeielekeza kwa mwanamke tu.

Kwa hiyo sitamwomba mtu yeyote afungie wimbo. Ukifungiwa, kesho uko kwenye kila simu ya jiji. Redio zetu, na Mwanza ina redio zenye wasikilizaji kanda nzima, zina uwezo wa kufanya jambo rahisi zaidi. Mtangazaji anaweza kuupiga wimbo, kisha asiuache uondoke hivi hivi. Amuulize msikilizaji aliyepiga simu: wewe ungekuwa kaka wa huyu dada, ungefanya nini? Redio Tanzania ilipoanza kurusha mchezo wa redio wa Twende na Wakati mwaka 1993, tabia za dereva wa lori Mkwaju hazikuelezwa kwa hotuba. Watu walibishana juu yake vibarazani hadi wakajikuta wanazungumza habari za UKIMWI na uzazi wa mpango.

Ma-MC na kamati za kitchen party nao wana nafasi. Kama somo anasimama kumfunda binti, dakika tano zitoshe kumwambia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi mwanandoa yeyote haki ya kumpiga mwenzake. Sheria hiyo ina zaidi ya nusu karne, na bado kuna watu huniuliza kama ni mpya. Binti aambiwe hayo mbele ya wakwe.

Jirani naye ana la kufanya, na haina haja awe shujaa. Watu hupenda kujikinga na msemo kwamba ndugu wakigombana shika jembe ukalime. Msemo huo ni wa wanaogombana, na kipigo si ugomvi wa wawili. Gonga mlango uombe chumvi, mpigie simu, au nenda na mtu mwingine. Kukiwa na hatari ya maisha, piga 112. Kwa mtoto kuna namba 116, haitozwi. Vituo vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hospitali kadhaa za serikali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo tiba, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, hutolewa bila malipo. Anayedai fedha anavunja utaratibu. Aliyeumia vibaya apelekwe hospitali kwanza. Na anayemsindikiza, tafadhali, asimuulize njiani alimfanya nini mumewe.