Westminster Abbey sio kanisa la askofu, jamani

Jana tena, hapa London. Mgeni wangu kanipigia, "kaka niko mlangoni mbona sikuoni", namuuliza unaona nini hapo mbele, ananiambia matofali mekundu yana mistari myeupe, mnara mmoja mrefu. Nikachoka. Yuko Westminster Cathedral, la Wakatoliki, limefunguliwa 1903, karibu na stesheni ya Victoria, na mimi niko Abbey nimeshika tiketi zake na muda unakwisha.

Tatizo linaanzia kwenye mdomo wetu, kila kanisa kubwa tunaliita kanisa kuu. Kanisa kuu ni lenye kiti cha askofu, Abbey haina askofu! Ilikuwa abasia ya watawa Wabenediktini, kama Ndanda au Peramiho kule Tanzania, mpaka Mfalme Henry VIII alipowatoa watawa 1540. Kweli akaweka askofu pale, ila uaskofu wenyewe ulidumu miaka 10 tu, baadaye binti yake Mary akarudisha watawa, akaja Elizabeth I akawatoa tena na 1560 akaiweka chini ya mfalme moja kwa moja, na mpaka leo ndio hivyo, dekani, yaani kasisi anayeongoza pale, anawajibika kwa mfalme, askofu wa London hana lake, hata Askofu Mkuu wa Canterbury anayemvika mfalme taji humo humo hana mamlaka juu ya nyumba ile. Shuka stesheni ya Westminster, ukiona mnara wa saa wa Big Ben umefika. Ukishuka Victoria usinipigie.

Ati Malkia Elizabeth II kazikwa pale. Ibada tu, 2022, kaburi liko Windsor. Mfalme wa mwisho kuzikwa Abbey ni George II, 1760.

Ati Diana aliolewa pale. Ndoa ilikuwa St Paul's 1981, Abbey ni msiba wa 1997.

Ati jiwe la Waskoti, lile la kutawazia wafalme wao wa zamani, bado liko kwenye kiti cha kutawazia. Lilirudishwa kwao 1996, inama uangalie chini ya kiti, pako wazi. Ukiwa hapo soma na majina waliyochonga watoto wa shule na watalii, mmoja P. Abbott kaandika kabisa kwamba alilala kwenye kiti hicho Julai 1800.

Na David Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, ndio yupo, kazikwa 1874, ila moyo wake ulibaki Chitambo, Zambia. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walimbeba mpaka Bagamoyo. Jiwe la kaburi linasema kaletwa na mikono yenye uaminifu, majina yao halina.