Spika ya Bei Kubwa Si Lazima Iwe Bora

Wapenzi wengi wa muziki huamini kwamba spika ya bei ya kawaida haiwezi kuikaribia ile ya mamilioni, na kwamba sikio lao halidanganyiki. Mwaka 1994, Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa sauti wa kampuni ya kutengeneza spika ya Harman, Marekani, waliwasikilizisha wafanyakazi wake 40 spika nne. Walipoziona, zile kubwa za gharama zilipata alama za juu na seti ndogo ya bei nafuu ikaachwa mbali. Zilipofichwa nyuma ya pazia linalopitisha sauti, pengo hilo lilipungua sana. Na hao walikuwa watu wa kazi hiyohiyo!

Tofauti za kweli zipo. Besi nzito isiyokwaruza sauti ikipandishwa huhitaji boksi kubwa, na hilo lina gharama. Ila uwiano mzuri kati ya besi, sauti ya mwimbaji na milio ya juu hutokana na usanifu makini, wala haununuliwi kwa bei tu.

Ukilinganisha, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti, maana spika inayolia juu kidogo huonekana bora. Kisha mwenzako azibadilishe bila wewe kuziona.