Plagi Kuingia Tunduni Hakuifanyi Kebo Kuwa Sahihi

“Kebo imeingia vizuri, draiva nimeweka, kompyuta haioni kitu. PLC imekufa hii.” Maneno haya kuhusu PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mashine za kiwanda, yanakuja kwa simu, yanakuja kwa WhatsApp, na picha inayoambatana nayo huwa inaonyesha taa ya RUN ikiwaka kijani, kontakta (swichi za umeme za mota) zimevuta na mashine inazunguka. Maiti haiendeshi kiwanda. CPU (ubongo wa PLC) iliyo kwenye RUN bila taa ya hitilafu inafanya kazi yake. Kinachogoma ni mazungumzo kati yake na kompyuta, na hapo kuna vitu vinne vya kuangalia: programu, bandari ya kompyuta, kebo, na mwisho kabisa tundu la PLC. Watu wanaanza na cha nne, wakati ugonjwa umejificha kwenye cha tatu.

“Ikiingia, ndiyo yenyewe”

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote, na ndiyo inayounguza bandari. Umbo la plagi halikuambii volti gani inapita ndani, waya upi unatuma, wala upi unapokea. Kila mtengenezaji alichukua plagi iliyokuwepo sokoni akapanga pini alivyotaka.

Chukua tundu la duara la pini 8, mini-DIN. MicroLogix 1000 ya Allen-Bradley inalo. Mitsubishi za FX zinalo. Delta za DVP zinalo. Kwa macho ni kitu kimoja, na kwenye droo la karakana kebo zake zimechanganyika bila lebo. Sasa tazama ndani. MicroLogix inazungumza RS-232, kanuni ya umeme yenye waya mmoja wa kutuma na mmoja wa kupokea: inapokea kwenye pini 4, inatuma kwenye 7, waya wa rejea (sifuri ya volti) uko kwenye 2 na 8, na pini 1 ina 24 V. Delta nayo ni RS-232, inapokea kwenye 4 hiyo hiyo, lakini inatuma kwenye 5, na rejea iko kwenye 8. FX ni RS-422, lugha nyingine kabisa ya umeme, yenye jozi mbili za waya na 5 V kwenye pini 5.

Ukichomeka kebo ya Delta kwenye MicroLogix, kompyuta inatuma na PLC inasikia, maana pini 4 zimelingana. PLC inajibu kwenye pini 7, ambako kebo ya Delta haina waya wa kupokea. Kompyuta inakaa kimya ikisubiri jibu ambalo limeshatolewa. Fundi anabadilisha draiva, anafuta programu na kuiweka upya, anabadilisha kasi kutoka 9600 hadi 19200, jioni inaingia, na tatizo ni waya mmoja. Ukichomeka kebo hiyo hiyo kwenye FX, waya ambao kompyuta inatumia kutuma, wenye volti hasi ya RS-232, unatua juu ya pini ambayo FX nayo inatumia kutuma. Ikipona, shukuru. Usirudie.

DB9, plagi ya pini 9 yenye umbo la D, ni mtego mkubwa zaidi kwa sababu kila mtu anadhani anaijua. Bandari ya kompyuta ni ya pini (dume), inapokea kwenye 2, inatuma kwenye 3, rejea ni 5. S7-200 ya Siemens ina DB9 ya matundu, kwa hiyo kebo ya kawaida ya kurefushia inaingia pande zote mbili bila kulazimisha. Ila tundu la S7-200 ni RS-485, inayotuma na kupokea kwenye jozi moja ya waya, A na B: pini 3 ni waya B, pini 8 ni A, na pini 7 ina 24 V. Ndiyo, 24 V, pale pale ambapo kompyuta ina waya wake wa RTS (wa kuomba kutuma). Kati ya vifaa hivi viwili lazima pawe na kebo ya PPI ya Siemens, yenye kibadilishi cha RS-232 kwenda RS-485 ndani. Kile kiboksi cha katikati hakikuwekwa kwa urembo. SLC 5/03 ya Allen-Bradley nayo ina DB9 dume kwenye chaneli 0, ni RS-232 ya kweli, lakini imepangwa kama ya kompyuta. Inahitaji kebo ya krosi, 2 kwenda 3 na 3 kwenda 2. Kebo nyoofu yenye matundu pande zote itaingia, na vifaa vyote viwili vitatumia waya mmoja kupigiana kelele na waya wa pili kusikilizana kimya.

Halafu RJ45, plagi ya kebo ya mtandao. Huku ndiko watu wanakojiamini kabisa: “hiyo ni ya intaneti”. SLC 5/05 ina RJ45 ya Etheneti. SLC 5/03, moduli inayofanana nayo kama pacha, ina RJ45 ya DH-485 (mtandao wa Allen-Bradley wenyewe, si Etheneti), na ukiipeleka moja kwa moja kwenye bandari ya mtandao ya kompyuta hutapata chochote hata ukibadilisha IP mara mia. Altivar 312 ya Schneider, kifaa cha kudhibiti kasi ya mota, ina RJ45 ya Modbus (lugha ya mawasiliano ya viwandani), RS-485 kwenye pini 4 na 5, rejea kwenye 8. Sasa fikiria adapta zile za PoE, yaani umeme kupitia kebo ya mtandao, zisizouliza kifaa kwanza, zinazouzwa pamoja na antena za intaneti za juu ya paa. Zinasukuma umeme wa kudumu, chanya kwenye 4 na 5, hasi kwenye 7 na 8. Mtu akichukua “waya wa intaneti” uliokuwa unaning’inia ndani ya chumba cha paneli akauchomeka kwenye Altivar, amepeleka umeme wa antena kwenye bandari ya mawasiliano. Hakuna draiva ya Windows itakayorekebisha hilo.

Kujua kebo ni ipi hakuhitaji kubahatisha. Kwanza soma namba iliyochapishwa kwenye kebo yenyewe: 1761-CBL-PM02 ni ya MicroLogix, 1747-CP3 ni ya SLC chaneli 0, SC-09 ni ya FX. Kama namba imefutika, weka multimita kwenye mlio (hulia waya ukiwa umeunganika) na uchore ramani ya pini kwa pini kwenye karatasi, kisha ifunge karatasi hiyo kwenye kebo kwa selotepu. Kwa PM02 utakuta 2 ya DB9 inaenda 7 ya duara, 3 inaenda 4, 5 inaenda 2. Kebo yenye kiboksi haipimwi hivyo, kwa sababu waya haupiti moja kwa moja.

Tundu usilolijua lipime kabla ya kuchomeka kitu. Multimita kwenye DC, waya mweusi kwenye rejea, mwekundu unagusa pini moja moja. Waya unaotuma wa RS-232 ukiwa umetulia unakaa kwenye volti hasi, kati ya −5 na −12 V. Hiyo hasi ndiyo saini yake. RS-422 na RS-485 zinacheza kati ya 0 na 5 V. Ukikuta 24 V, ondoa mkono na utafute kitabu. Kwa njia hii hii unajua kama bandari ya kompyuta ni hai: pini 3 dhidi ya 5 isipoonyesha hasi, adapta ya USB au bandari ndiyo yenye shida, na PLC haihusiki.

Kisha kuna jaribio la mzunguko, ambalo linashangaza jinsi lisivyofanywa. Toa kebo kwenye PLC. Fungua PuTTY, programu ya kuandika na kusoma kupitia bandari, chagua Serial, andika namba ya COM (jina la bandari katika Windows), na kwenye udhibiti wa mtiririko weka None. Unganisha pini 2 na 3 za adapta kwa kipande cha waya au klipu ya karatasi, andika herufi. Zikitokea kwenye skrini, toa klipu na uandike tena: lazima zikome. Zikiendelea, ni PuTTY inakuonyesha herufi zako mwenyewe. Bandari ikifaulu, chomeka kebo na uunganishe ncha ya mbali, mfano 4 na 7 kwa PM02. Herufi zikirudi kutoka ncha ya mbali, waya wa kutuma na wa kupokea ni mzima. Ule wa rejea bado upimwe kwa mlio. Kazi nzima ni dakika chache, na baada yake hubishani na mtu. Kebo ya PPI haifanyiwi jaribio hili, maana RS-485 hutuma na kupokea kwa zamu kwenye jozi moja.

“Adapta za USB ni zile zile”

Si zile zile. Sokoni kuna nakala nyingi za chipu ya Prolific PL2303, na draiva mpya za Prolific huzikataa: Device Manager inaonyesha alama ya njano na Code 10. Zenye chipu halisi ya FTDI zinasumbua kidogo sana, na ushauri wangu ni huo, nunua FTDI yenye utengano wa umeme, gharama yake ni ndogo kuliko bandari moja ya CPU. Ila hata FTDI ina tabia yake: inasubiri milisekunde 16 kabla ya kupeleka data chache kwa kompyuta, na programu zenye subira fupi zinakata tamaa. Nenda Device Manager, Ports, Port Settings, Advanced, na ushushe Latency Timer hadi 1 au 2. Hapo hapo badilisha namba ya COM iwe ndogo, maana programu za zamani hazioni COM17.

Na kama Windows inasema bandari inatumika wakati umefunga kila kitu, hujafunga kila kitu. RSLinx, programu ya mawasiliano ya PLC za Allen-Bradley, inaweza kuendelea kama huduma ya nyuma hata dirisha likiwa halionekani, nayo haiachii COM iliyoishika.

Utengano nimeutaja kwa sababu bandari ya S7-200 haijatenganishwa na umeme wake wa ndani. Kompyuta ikiwa kwenye chaja, ethi ya soketi na rejea ya paneli zikitofautiana, tofauti hiyo inapita kwenye kebo yako. Bila adapta ya utengano, chomoa chaja kabla ya kuchomeka kebo.

“RS-485: A kwa A, B kwa B, umemaliza”

Watengenezaji hawakukubaliana A ni ipi. Kwa wengine A ndiyo chanya, kwa wengine hasi. Kukosea hakuunguzi kitu, kwa hiyo badilisha na ujaribu tena badala ya kubishana kuhusu lebo. Kinachosahaulika ni rezista za mwisho. Zima umeme, pima kati ya A na B: karibu 60 Ω maana yake kuna 120 Ω kila ncha. Ukipata 120, moja haipo. Ukipata 40, mtu ameongeza ya tatu katikati. PROFIBUS, mtandao wa viwandani unaotumia RS-485, ina mpango wake tofauti, usiilinganishe na namba hizi. Waya utembee kutoka kifaa hadi kifaa, sio kutawanyika kama miguu ya buibui kutoka kwenye paneli kuu. Na “waya mbili zinatosha” ni uongo pale vifaa vinapokaa majengo tofauti: kipokezi kinavumilia tofauti ya −7 hadi +12 V dhidi ya rejea yake, na bila waya wa tatu hujui uko wapi kati ya namba hizo.

“Ping inajibu, kwa hiyo PLC ndiyo mbovu”

Ping, jaribio la kuuliza kama anwani ya mtandao (IP) inajibu, inathibitisha kwamba kuna kitu chenye IP hiyo. Labda ni printa. Programu ya Siemens inapitia bandari ya TCP 102, Modbus TCP ni 502, EtherNet/IP ni 44818, na ngome (firewall) ya Windows inaweza kuruhusu ping huku ikizifunga hizo. Zima Wi-Fi kwanza: ikiwa nayo iko kwenye 192.168.0.x kama PLC, kompyuta inaweza kupeleka data upande usio wake.

Kinyume chake pia kipo. S7-1200 mpya ya Siemens haina IP, kwa hiyo haiwezi kujibu ping, na bado TIA Portal, programu ya Siemens, inaiona kwa anwani yake ya MAC, ile ya kiwandani. Anayetumia TIA ndani ya kompyuta pepe aweke kadi ya mtandao kwenye Bridged, kwa sababu utafutaji huo haupiti kwenye NAT (mpangilio unaoificha kompyuta pepe nyuma ya IP ya kompyuta halisi).

“Zima, washa, itashika”

Kwa simu, sawa. Kwa PLC ya zamani inayotunza programu kwenye RAM (kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika), kama FX2N au SLC isiyo na EEPROM (kumbukumbu isiyofutika), tazama kwanza taa ya betri. Ikiwa inawaka, umeme wa paneli ndio pekee ulioshikilia programu, na ukizima umeifuta. Hapo ndipo PLC “inakufa” kweli, kwa mkono wa aliyekuja kuiponya. Usizime chochote. Tafuta kebo sahihi, soma programu kutoka kwenye PLC na uihifadhi mahali pawili, ndipo ufikirie betri. Utaratibu wa kuibadilisha unatofautiana: S7-300 zenye betri zinabadilishiwa umeme ukiwa umewaka, kwa nyingine fungua kitabu cha CPU husika kabla ya kugusa kifuniko.